Mkasi Alivyoihakiki Picha ya Baba Yake

Gazetini walimwita Mkasi, na jina hilo lilimpendeza kuliko alilopewa na wazazi wake. Wachoraji ndio waliolianzisha, wengine kwa uchungu kabisa, maana alikuwa na ukurasa wake kila Jumamosi, na humo hakumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukichora ng'ombe mwenye magoti ya mbuzi, atakwambia. Ukiweka jua kulia na kivuli kikaanguka kulia hukohuko, atakwambia, tena mbele ya watu, tena na picha yako pembeni ili kila mtu ajionee. Siku nyingine zote alikuwa mtu wa kawaida tu. Alipanga kurasa za matangazo ya vifo na nyumba za kupangisha, akagombana na mashine ya kahawa, akavaa sweta lilelile la kijivu mpaka mkewe akatishia kulichoma. Lakini ikifika Jumamosi, lo! Hashikiki.

Msimdhanie ubaya. Hakuwa mkorofi, wala hakuwa na kinyongo na mtu. Alipenda picha za kihalisia kuliko mtoto anavyopenda sukari, zile ambazo mchoraji anaiweka karai kama karai na uso kama uso, bila kumrembesha mtu na bila kumzidishia. Na kwa kuwa alizipenda, alizilinda. Akiona mtu ameongeza chozi ambalo halikuwepo, alihisi kama ameibiwa yeye mwenyewe mfukoni. Mkewe alimwambia mara nyingi, "Baba watoto, ni picha tu hiyo." Hapo ndipo alipokasirika kweli.

Tabia hiyo aliitoa kwa baba yake. Mzee alikuwa mchora vibao vya maduka, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, ambako mkate wa asubuhi ulinuka tapentaini ya kuchanganyia rangi na hakuna aliyelalamika. Mzee naye alikuwa na sheria yake: hachori kitu ambacho mteja hana. Kinyozi mmoja aliwahi kuagiza kibao chenye viti vya kuzunguka, vile vya ngozi nyekundu. Mzee akaenda, akachungulia ndani, akaona benchi. Akachora benchi. Kinyozi alikuja juu, "Mzee, mbona umenichorea benchi?" Mzee akamjibu bila hata kuinua macho, "Kwa sababu una benchi."

Alikuwa na watoto wawili tu, huyu Mkasi na mdogo wake wa kike. Jioni aliwachukua matembezini mjini, na mchezo wao ulikuwa kusimama mbele ya vibao vya watu wengine. "Haya, kasoro iko wapi?" Kijana alijibu kabla baba hajafunga mdomo: samaki ana mapezi ya ziada, sufuria imepinda, mama wa kwenye kibao ana mikono miwili ya kushoto. Binti alinyamaza, lakini wakifika nyumbani alichukua kaa la jiko akamchora yule samaki upya sakafuni, safari hii akiwa sawasawa. Mzee alimpapasa kijana kichwani na kusema, "Mwenye jicho nyumba hii ni huyu." Alilisema tangu wangali wadogo na aliendelea kulisema hata walipokuwa watu wazima, na binti alilisikia kila mara akaliamini kama kila mtu.

Basi kijana akaenda mji mkubwa na jicho lake, akapata kazi gazetini, akaoa, akazaa. Binti akabaki na baba na brashi. Mchana alichora vibao; jioni, karakana ikishafungwa, alichora mambo yake, na polepole watu wa maonyesho wakaanza kumjua. Hakuolewa. Akiulizwa alisema bado anasubiri mwanaume atakayevumilia harufu ya tapentaini.

Kisha mzee akaanza kuumwa tumbo. Mwanzoni ilikuwa ni kiungulia, baadaye ikawa ugonjwa wenye jina refu, na mwishowe hakuna aliyelitaja jina hilo ndani ya nyumba. Mkasi alipiga simu mara kwa mara. "Anaendeleaje?" Mdogo wake alijibu, "Anaendelea, kaka. Anaendelea." Na Mkasi, ambaye kwenye picha angeuliza anaendelea kwenda wapi, hakuuliza. Gazetini walikuwa wamepunguza watu, kazi ilikuwa maji ya shingo, na mtu akiambiwa jambo linaloendana na haja yake hulimeza bila kutafuna. Ndivyo tulivyo.

Ila alikwenda. Watu wamtendee haki, alikwenda. Aliwaarifu nyumbani mapema, akapanda basi Jumapili, akafika kabla ya chakula cha mchana na roho juu. Akamkuta baba yake ameketi kitini karibu na dirisha, amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, kofia kichwani, viatu vinang'aa, na mapajani amekunjua gazeti la Jumamosi, ukurasa wa Mkasi uko juu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, bwana mkubwa. Naona umemchinja mtu tena humu."

Mkasi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akanyoosha mkono, mzee akatikisa kichwa, "Usinishike, nina rangi mikononi," na Mkasi akafurahi zaidi, maana kumbe mzee bado anafanya kazi. Walipiga soga. Mzee alimuuliza habari za wajukuu mmoja mmoja, akamtania kuhusu kitambi, akamsema mhariri wake ambaye hajawahi hata kumwona. Mdogo mtu alisimama mlangoni muda wote huo, amekunja mikono, jasho linamtoka. Mkasi alidhani ni joto la jikoni. Kabla jua halijashuka mzee akasema, "Nenda sasa, usije ukakosa basi," na Mkasi akaondoka akipiga mluzi. Aliporudi kwake alimwambia mkewe, "Mzee yuko ngangari. Amepungua kidogo tu."

Wiki chache baadaye mzee alifariki. Mkasi alipofika mdogo wake alikuwa ameshautayarisha mwili na kuufunika, na alipomuuliza kama anataka afunuliwe, alikataa. "Acha nimkumbuke nilivyomwona." Jamani, nani angemlaumu? Aliishika picha ile ya mzee kitini, na kofia yake na kicheko chake, akaiweka moyoni kama kitu pekee alichorithi. Alipoamka akilia aliitazama, akapata usingizi tena. Mdogo wake hakuwa na picha kama hiyo ya kushika, na Mkasi hakujua kwamba hana.

Mwaka haujaisha, mdogo wake akampigia simu. Picha yake imekubaliwa kwenye maonyesho ya wachoraji wa kihalisia, tena hukohuko mji mkubwa, ukumbi ulio karibu na ofisi ya gazeti. Inaitwa *Kumgeuza Mgonjwa*.

"Hongera, mdogo wangu!"

"Kaka, nimemchora baba. Nakuomba tuonane kwanza. Kuna kitu nataka kukwambia kabla hujaiona."

Sasa, Mkasi naye alikuwa na sheria yake. Hazungumzi na mchoraji kabla ya kuandika, awe rafiki, awe adui, awe nani. Alisema maneno ya mchoraji yanamwingia mtu machoni, akitazama picha anaona maneno. "Utaniambia baadaye," alijibu. "Usiniharibie jicho."

Kisha akasikia, "Haya, kaka," na simu ikakatwa.

Akaenda peke yake siku ya kazi, saa ya chakula, wakati ukumbi hauna watu. Alitazama kama alivyotazama picha zote: kwanza mbali, halafu karibu, mikono nyuma asije akagusa, halafu akageuka akaipa mgongo ili aone nini kimebaki kichwani. Siku hiyo hakuweza kuipa mgongo.

Kitanda kilikuwa kile cha nyumbani, na dirisha lile. Karai la maji lilikuwa chini, kitambaa kikining'inia ukingoni. Mikono ya mwanamke ilitokea pembeni mwa picha, bila uso, imemshika mzee bega na nyonga ili imlaze ubavu. Na mzee mwenyewe alikuwa mifupa. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya shuka, na kifundo cha mmoja kilikuwa chembamba kiasi kwamba vidole vya mwanamke vingekizunguka vikapitana. Ngozi ilibaki kama nguo ya mtu mwingine.

Hasira ilimpanda. Huyu si baba! Baba alikuwa na mabega, shati lilimkaa. Mwanadamu gani anakonda hivi katika wiki chache? Alimtafuta mzee wake wa kofia na kicheko humo ndani, hakumpata, na akaona kwamba akikubali picha hii ni ya kweli, basi ile yake itakuwa imekwisha. Alitoka nje bila kuaga mlinzi.

Mhariri wake, mama mmoja mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, aliposikia alimwita pembeni. "Mkasi, huyu si mdogo wako wa tumbo moja?"

"Ndiye."

"Basi mpe mwenzako aandike. Au usiandike kabisa, mbona dunia haitasimama?"

"Nitasema wazi kwamba ni mdogo wangu. Nikimnyamazia yeye, wale wengine wote niliwakata kwa nini?"

Mama akamwangalia sana. "Shauri yako," akasema, akarudi kwenye kazi zake.

Akaandika mchana uleule, na machozi yakimlengalenga, maana moyoni aliona anamtetea baba. Alisifu kilichostahili sifa. Karai, aliandika, ni karai. Maji yake yamepoa na unaona yamepoa. Shuka limefuliwa mara nyingi. Mwanga wa dirishani umeangukia pale unapopaswa. Halafu akafika kwenye mwili, na hapo akaukunjua mkasi:

"Uhalisia ni kiapo. Mchoraji anaapa kwamba ameona. Huyu ni mdogo wangu, na mzee huyu ni baba yetu, kwa hiyo leo siandiki kama mhakiki tu. Mimi ni shahidi. Nilimwona mzee wiki chache kabla hajatutoka. Aliketi kitini, shati limemkaa, anacheka. Mikono hii haikuwa yake. Mchoraji ametia chumvi ili tulie, na kilio cha kulazimishwa hakimfai marehemu. Mchoraji hakumwona baba. Aliuona uchungu wake mwenyewe."

Ikatoka Jumamosi. Watu waliisoma, na wengine walimpigia kumsifu, eti huyo ndiye mwanaume, hana ndugu wala jamaa mbele ya kweli. Wakaenda ukumbini na gazeti mkononi, wakasimama mbele ya *Kumgeuza Mgonjwa* wakionyeshana vidole: ndiyo, kweli, amezidisha. Mkasi alimsubiri mdogo wake apige simu, amtukane, agombane naye, wayamalize. Hakupiga. Mkasi alipopiga, simu iliita mpaka ikachoka. Alipokwenda ukumbini, mlinzi alimwambia picha haipo. Mwenyewe alikuja akaitoa ukutani, akaifunga kwa shuka, akaondoka nayo.

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Aliomba kamba tu."

Mkasi alipiga moyo konde, akaomba ruhusa kazini, akapanda basi.

Alifika mchana. Karakana ilikuwa wazi, vibao vya watu vimeegemezwa ukutani, na katikati ya chumba mdogo wake ameketi, kipaji cha uso kina rangi, amevaa aproni ya baba, picha iko mbele yake. Hakugeuka. Mkasi alisogea nyuma yake, akatazama, na moyo ukamruka kwa furaha.

Mashavu yalikuwa yamejaa. Mabega yalikuwa mabega. Mkono wa kulia ulikuwa mnene, wa mtu anayeweza kubeba ngazi, na brashi ya dada ilikuwa inamalizia kiwiko cha mkono wa kushoto.

"Sasa ndiye!" alisema Mkasi. "Sasa ndiye baba, mdogo wangu. Umempata."

"Umeridhika?"

"Nimeridhika."

"Haya," akasema, akachovya brashi akaendelea.

Mkasi akavuta kigoda, akakaa, akafuta macho. Alijiona amesamehewa. Akauliza, kwa upole kabisa, vile kaka anavyomuuliza mdogo wake, "Lakini uliwezaje kukosea vile, wewe? Wewe mwenye mkono ule?"

Brashi ikasimama. Mdogo mtu akaiweka chini, akageuka, na ndipo Mkasi alipomwona usoni. Alikuwa amezeeka.

"Sweta mbili, kaka," akasema. "Sweta mbili chini ya shati, na taulo nililikunja nikaliweka mabegani. Viatu nilivijaza matambara visimtoke. Mashavuni alijiweka pamba kwa ndani, ndiyo maana hakula na wewe. Asubuhi nzima nilikuwa namvalisha. Namvika mkono mmoja, anapumzika, namvika mwingine. Gazeti lako aliliomba yeye, aliweke mapajani lifunike mikono. Akaniambia, usimwache anishike mkono, atajua."

Mkasi alisogeza kigoda karibu naye.

"Uliposhuka ngazi hizo alianguka kutoka kitini. Ulikuwa bado hujafika njia kuu. Nilikuwa nakusikia unapiga mluzi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniapisha. Alisema una kazi, una watoto, ukimwona vile hutafanya kazi tena. Alipokufa nikasema, sasa kiapo kimekwisha, nitamwambia kaka. Nikashindwa, maneno hayakutoka. Nikachora. Halafu nikakupigia, nikakwambia kuna kitu nataka kukwambia kabla hujaiona." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Basi."

Wala hakuhitaji kumaliza. Mkasi alikuwa ameshainuka, anaelekea kwenye picha kama mtu aliyeona moto. "Na hii unafanya nini sasa? Kama ile ilikuwa kweli, kwa nini unaiharibu?"

"Narekebisha."

"Unarekebisha nini!"

"Kaka, nilikaa naye mimi peke yangu. Hakutaka mtu mwingine amwone, hata jirani. Ulipoandika kwamba hakuwa hivyo, hakuna hata mmoja duniani ambaye ningemwambia, hebu njoo umwambie huyu. Nikaisoma. Nikaisoma tena. Miezi ile sikuwa nalala, nilikuwa nakula nimesimama. Nikaanza kujiuliza, labda ni uchovu. Labda niliona vibaya. Wewe ndiye mwenye jicho nyumba hii. Ukisema sikumwona, basi labda kweli sikumwona."

Alisema hivyo bila ukali wowote, na laiti angemtukana. Mkasi alinyakua kitambaa chenye tapentaini, akataka kusugua ule mkono mnene atafute mkono wa chini yake. Dada akamshika kiganja, akamzuia.

"Imeshakauka. Ukisugua unatoboa mpaka kwenye turubai."

"Basi mchore tena. Nakuomba. Nitaandika upya, nitasema nilikosea, nitaandika ukurasa wa mbele, mdogo wangu, mchore tena."

"Siwezi."

"Unaweza!"

"Siwezi, kaka. Ile niliichora mikono yangu ikiwa bado inaujua uzito wake. Sasa nikifumba macho namwona huyo wako wa kitini. Wangu simwoni tena. Nimemtafuta."

Mkasi alirudi kwenye kigoda. Alitazama picha. Mzee mnene, mwenye afya tele, amelala ubavu anageuzwa na mikono ya mwanamke, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini mtu kama huyo asijigeuze mwenyewe. Ilikuwa picha ya uongo kuliko zote alizowahi kuziona, na kila alichokidai kilikuwamo. Nje mtu alisimama mlangoni akauliza kibao chake kitakuwa tayari lini, dada akamwambia kesho, akaenda zake.

"Siku ile," Mkasi akauliza hatimaye, "nilipoondoka. Alisema nini?"

"Nilipomwinua? Aliniuliza, 'Ameamini?' Nikamwambia, ameamini, baba. Akacheka. Alicheka mpaka pamba ikamtoka mdomoni. Akasema, 'Na jicho lake lile!' Alifurahi sana, kaka. Nikamvua sweta, akalala. Sikumsikia akicheka tena."

Mkasi akajishika kichwa kwa mikono miwili akalia kwa sauti, kama mtoto, katikati ya makopo ya rangi. Mdogo wake akasimama pembeni mpaka aliponyamaza, kisha akamuuliza kama atalala au atarudi na basi la jioni.